Kanisa Moja, Takatifu, Katoliki, la Mitume: Je, Tunakiri Kanisa Lile Lile?

SWALI: Mimi ni Mlutheri na mume wangu ni Mkatoliki. Tunapokwenda kusali kwake, waumini hukiri imani kwa maneno yanayokaribiana sana na yale niliyofundishwa nilipojiandaa kwa kipaimara: Kanisa moja, takatifu, katoliki, la mitume. Je, mimi na mume wangu tunakiri Kanisa moja, au kila mmoja analiwaza la kwake? Na kama ni moja, mbona haturuhusiwi kushiriki meza moja?

JIBU: Dada yetu, tuanze na lile mnalokubaliana, kwa maana ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Maneno hayo manne yamo katika Kanuni ya Imani inayohusishwa na Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381, ambayo ililipanua ungamo la Nikea la mwaka 325. Yanakiriwa na Wakatoliki, Waorthodoksi, Waanglikana, Walutheri na wengine wengi, wakiwamo Wakristo wa Misri, Ethiopia na Armenia, ambao hawakuupokea Mtaguso wa Kalkedoni wa mwaka 451. Tazama pia mahali yalipowekwa: yanafuata mara tu baada ya ungamo juu ya Roho Mtakatifu. Kwa hiyo mapokeo haya yote yanakubali kwamba Kanisa ni moja na takatifu kwa kazi ya Mungu kabla ya kazi yoyote ya wanadamu, na ndiyo maana Mtume Paulo aliweza kuwaita Wakorintho watu waliotakaswa katika Kristo Yesu, kisha katika sura hiyo hiyo akawakemea kwa magomvi na mafarakano yao.

Tofauti inaanza pale mtu anapouliza Kanisa hilo linaonekana wapi na linatambulikana kwa nini. Katika karne ya 16 swali hilo lilikuwa la moto, kwa sababu kila upande ulidai kuwa ndio Kanisa la kweli. Wanamatengenezo, yaani Martin Luther na wengine waliotaka Kanisa lirekebishwe, hawakuzikana sifa nne. Walisema tu kwamba sifa hizo zinaaminiwa, na kwamba muumini wa kawaida anahitaji alama anazoweza kuzisikia na kuziona. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 7, linasema kuwa Kanisa ni kusanyiko la watakatifu ambamo Injili inafundishwa kwa usahihi na sakramenti zinatolewa kwa usahihi, na kwamba kwa umoja wa kweli wa Kanisa inatosha kukubaliana katika mambo hayo. Mwaka 1539 Martin Luther alitaja alama saba, na ya mwisho ni msalaba, yaani mateso ambayo watu wa Kristo huyapata kwa ajili yake. Binafsi naona inasikitisha kwamba alama hiyo hutajwa mara chache sana leo. Kwa upande wa Wakatoliki, Robert Bellarmine aliorodhesha alama 15, ingawa katekisimu iliyotolewa mwaka 1566 baada ya Mtaguso wa Trento ilibaki na zile nne za Kanuni ya Imani.

Sasa tuje kwenye umoja. Kanisa la mume wako linafundisha kwamba umoja una sura inayoonekana: imani ile ile, sakramenti zile zile, na ushirika wa maaskofu pamoja na Askofu wa Roma, yaani Papa. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Kanisa, ya Novemba 1964, inasema kwamba Kanisa la Kristo linadumu katika Kanisa Katoliki, na papo hapo inakiri kwamba nje ya mipaka yake yanapatikana mambo mengi ya utakaso na ya ukweli. Waorthodoksi nao wanaamini kwamba Kanisa moja limehifadhiwa kwao. Umoja wake wanauona katika ekaristi inayoadhimishwa na askofu mwenye imani iliyo sahihi, na hawakubali kwamba askofu mmoja awe na mamlaka juu ya wengine wote. Nyinyi Walutheri mnaanzia kwenye Injili inayohubiriwa. Ukimuuliza padre wa mume wako juu ya umoja, mapema sana atataka kujua mmeungana na askofu gani. Mchungaji wako atataka kujua kwanza kinachofundishwa mimbarini.

Juu ya ukatoliki sitakawia, kwa sababu hapa ugomvi ni mdogo kuliko jina linavyofanya watu wadhani. Ignasi wa Antiokia aliandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba alipo Yesu Kristo, hapo lipo Kanisa katoliki, na karibu mwaka 350 Sirili wa Yerusalemu alieleza kwamba Kanisa linaitwa hivyo kwa sababu limeenea ulimwenguni kote, linafundisha mafundisho yote yanayohitajiwa, na linaita watu wa kila hali. Mlutheri na Mkatoliki wote wanaweza kutia sahihi chini ya maelezo hayo, hata kama vitabu vingine vya ibada vya Kiprotestanti huliita Kanisa hilo la Kikristo au la ulimwengu wote.

Jibu la swali lako la pili liko katika sifa ya nne, yaani kuwa la mitume, nayo ndiyo inayowatenga ninyi wawili mezani. Karibu mwaka 180, Ireneo wa Lyon alipowapinga waliodai kuwa na mafundisho ya siri, alijibu kwa mambo mawili pamoja: mafundisho ya mitume yaliyo wazi kwa wote, na orodha ya maaskofu walioyapokeza mafundisho hayo mmoja kwa mwingine. Kwake mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Katika karne ya 16 yalitenganishwa, na sehemu kubwa ya Uprotestanti ikaona kwamba kuwa wa mitume ni kubaki katika neno lao, hali Wakatoliki na Waorthodoksi wakishikilia kwamba neno hilo linalindwa na mfululizo wa maaskofu waliowekewa mikono tangu enzi za mitume. Waanglikana walihifadhi uaskofu na mwaka 1888 maaskofu wao waliokutana Lambeth wakauweka kati ya mambo manne ya msingi kwa kuungana tena. Hata hivyo Papa Leo wa XIII alikuwa na hukumu nyingine, na mwaka 1896 alitangaza kuwa daraja zao, yaani uaskofu na upadre wao, si halali. Walutheri wenyewe hawafanani, kwani Sweden mfululizo wa maaskofu uliendelea na kwingineko ulikatika.

Ndiyo sababu hati ya Vatikano ya mwaka 1964 juu ya umoja wa Wakristo inasema kwamba jumuiya zilizotokana na Matengenezo hazikuuhifadhi ukweli kamili wa fumbo la ekaristi, hasa kwa sababu ya upungufu katika sakramenti ya daraja. Haisemi kwamba imani yako ni ya uongo wala kwamba Kristo hayupo unapomkumbuka mezani. Waorthodoksi, ambao uaskofu wao Roma inautambua, sakramenti zao zinatambuliwa na Wakatoliki, ingawa wao wenyewe kwa kawaida hawapokei wala hawatoi komunyo nje ya Kanisa lao. Hati ya Lima ya mwaka 1982, iliyoandaliwa na tume ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni ambamo wanateolojia Wakatoliki nao walishiriki, ilipendekeza njia ambayo mimi naiona ya haki: kwamba urithi wa kitume ni wa Kanisa zima, na mfululizo wa maaskofu ni ishara yake, ingawa si dhamana. Walio na mfululizo huo wasiudharau urithi wa kitume ulio kwa wengine, na wasio nao wajiulize kama hawakupoteza ishara yenye thamani. Makanisa mengi bado hayajafika hapo, na maumivu mnayoyapata ninyi Jumapili ni maumivu ya Kanisa lenyewe.

SWALI: Kiongozi mmoja katika kanisa letu alipatikana na kosa zito. Wazee walituambia tusilizungumze kwa sababu Kanisa ni takatifu na halipaswi kuchafuliwa. Je, huo ndio utakatifu tunaoukiri?

JIBU: Hapana. Jambo hili lilijadiliwa kwa uchungu mkubwa Afrika ya Kaskazini baada ya mateso ya Kaisari Diokletiano yaliyoanza mwaka 303, ambapo baadhi ya viongozi walisalimisha Maandiko Matakatifu kwa watesi. Wadonato, Wakristo waliojitenga kwa sababu ya jambo hilo, walisema kwamba askofu wa namna hiyo, au aliyewekwa wakfu na mtu kama huyo, hawezi kutoa sakramenti halali, na kwamba Kanisa lililo takatifu lazima liwe la watu safi. Agostino wa Hippo aliwajibu kwamba anayebatiza ni Kristo mwenyewe, hata mkono wa mhudumu ukiwa mchafu, na kwamba ngano na magugu vitakua pamoja hadi mavuno. Mjadala mkuu ulifanyika Kartago mwaka 411. (Kwamba Agostino baadaye aliunga mkono dola kuwalazimisha Wadonato warudi ni jambo la kuhuzunisha.)

Karibu Wakristo wote wa Magharibi wamefuata jibu lake. Luther alimwita mwamini mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano unasema kwamba Kanisa ni takatifu na wakati huo huo lahitaji kutakaswa daima. Waorthodoksi husita kusema kwamba Kanisa lenyewe linatenda dhambi, kwa kuwa ni Mwili wa Kristo, lakini hawasiti kusema kwamba viungo vyake hutenda.

Angalia vizuri kile ambacho Agostino alikuwa akikitetea. Alitetea uhakika wa muumini kwamba ubatizo wake ni ubatizo, hata kama aliyembatiza aligeuka kuwa mwovu. Hakufundisha kwamba mwovu aachwe katika ofisi yake wala kwamba aliyeumizwa anyamazishwe, na anayelitumia jibu hilo kuficha kosa anamsingizia. Wakalvini, yaani Waprotestanti wanaofuata mafundisho ya Yohane Kalvini, waliliona hili kwa uwazi: Ungamo la Kibelgiji la mwaka 1561 linahesabu nidhamu ya Kanisa kuwa alama ya tatu ya Kanisa la kweli, pamoja na Injili na sakramenti. Kwa kipimo hicho, kanisa linalokataa kusikiliza malalamiko limepungukiwa na mojawapo ya alama zake, na waliolifikisha kosa hilo mbele ya wazee ndio wanaoutumikia utakatifu wake. Kama kosa hilo ni la jinai, sheria ya nchi nayo ina haki yake, na hakuna ungamo lolote nililolitaja linaloizuia.

SWALI: Kanisa letu la Kipentekoste halisomi Kanuni ya Imani. Je, tuko nje ya Kanisa la mitume?

JIBU: Kutoisoma si sawa na kuikataa. Wapentekoste wengi wanayaamini yaliyomo, na kuwa wa mitume wanakuelewa kama kuishi katika mafundisho na nguvu zile zile zilizoonekana siku ya Pentekoste. Nina shaka kwamba uzoefu wa Roho pekee unatosha bila kitu kinachoupima, lakini Matendo 2:42 inataja fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali, na hayo mengi yapo kwenu. Mmebatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu? Basi hata Kanisa Katoliki linautambua ubatizo huo na halirudii. Wapo Wapentekoste wanaobatiza kwa jina la Yesu pekee na kulikataa fundisho la Utatu; kwa hao jibu ni tofauti, kwa sababu hapo tunakuwa tumehama kutoka suala la Kanisa na kuingia katika ungamo juu ya Mungu mwenyewe.