Maswali na Majibu: Sinthesaiza ya Analogi Inayoendeshwa na Kompyuta

Tuko wanne na tuna muhula mmoja. Tunataka sinthesaiza (ala ya umeme inayounda sauti) ya sauti nane zinazopigwa kwa pamoja. Mchoro wa sanduku lake tumeambatisha. Tuanzie wapi?

Anzieni kwa kufuta saba. Osileta moja (saketi inayotoa wimbi la sauti), kichujio kimoja, amplifaya moja inayoongozwa kwa volti, basi. Sauti moja isiyopoteza tuni ni mradi kamili. Nane zisizopatana ni kelele. Na lile sanduku mliloambatisha mchoro wake litengenezwe mwisho kabisa. Naletewa michoro mingi mno ya masanduku na watu ambao hawajapima hata volti moja.

Arduino, bodi yetu ndogo ya mikrokontrola, ina pini za PWM (mapigo ya umeme yanayoiga volti kwa upana wake). Kwa nini tununue chipu ya kugeuza dijiti kuwa analogi?

Kwa sababu sikio litawaumbua. Sinthesaiza nyingi za aina hii hufuata kanuni ya volti 1 kwa oktavi, yaani kwa nusu toni 12, kwa hiyo nusu toni ni milivolti 83.3. PWM ya kawaida ya Arduino ina ngazi 256 ndani ya volti 5, yaani kila ngazi ni milivolti 19.5 hivi, karibu robo ya nusu toni. Noti nyingi zitaangukia katikati ya ngazi mbili. Kisha mapigo yenyewe lazima yachujwe: mkichuja kidogo, sauti inatetemeka, mkichuja sana, kila noti inajikokota kufika mahali pake. Chipu ya biti 12 kwenye volti hizo hizo ina ngazi za milivolti 1.2. Ipeni volti ya rejea iliyo imara, maana mkitegemea umeme wa USB, tuni itabadilika kwa kila kompyuta mnayochomeka.

Ala yetu inapoteza tuni dakika chache baada ya kuwashwa. Tumekagua programu yote. Kosa liko wapi?

Swali hili haliishi kuja, na kila anayelileta amekagua programu tu. Ni joto. Wekeni kidole juu ya transista zinazogeuza volti kuwa masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde), msikilize: sauti inahama palepale. Jozi ya transista zinazolingana, ndani ya kifuko kimoja, huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Kinachobaki ni upana wa oktavi, unaopungua kwa takriban asilimia 0.33 kila joto likipanda nyuzi 1. Hizo ni senti 4 kwa oktavi (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni). Mkipanda oktavi 3, mmekosea kwa senti 12. Dawa ya siku zote ni rezista inayobadilika na joto kwa kiwango hicho hicho, ikigusana na transista zenyewe.

Halafu itumieni hiyo kompyuta! Sinthesaiza ya Prophet-5 ya mwaka 1978 ilikuwa na mikroprosesa ya Z80 iliyosahihisha tuni ya osileta zake. Tumeni volti, pimeni muda wa wimbi kwa mikrokontrola, hifadhini jedwali la masahihisho. Mradi usiofanya hivyo una kompyuta ya mapambo.

Chipu gani ya osileta ni nzuri?

Hamkutaja volti wala masafa mnayotaka. Someni datashiti ya CEM3340, chipu moja ya osileta, hadi mwisho, ndipo muulize.

Tunaweza kuacha optokapla (kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga) ya MIDI, njia ya ala na kompyuta kutumiana noti, ili kupunguza gharama?

Hapana. Iliwekwa kwenye kanuni za MIDI za mwaka 1983 ili nyaya za ardhi (ground) za vyombo viwili zisiungane. Mkiiacha, mvumo wa kompyuta unaingia kwenye sauti.

Tutengeneze wenyewe sehemu ya kupokea umeme wa ukutani?

Umeme wa ukutani unaua. Nunueni pawasaplai iliyokamilika, yenye volti 12 chanya na 12 hasi, na msiifungue. Hamkuuliza, lakini kila chipu iwekeeni kapasita ya nanofaradi 100 karibu na miguu yake ya umeme.

Kwenye ripoti, video ya wimbo inatosha?

Haitoshi. Wekeni jedwali: kila noti, masafa yaliyotarajiwa, yaliyopimwa, na tofauti kwa senti. Pimeni mara tu ala inapowashwa, kisha tena baada ya saa moja. Noti namba 69 ya MIDI inapaswa kutoa hezi 440. Ikitoa 437, andikeni 437 na mweleze sababu.