Msiba nyumbani, karatasi za Marekani bado

Pole sana, ndugu yangu. Kufiwa na mzee huko Moshi ukiwa Minneapolis, ombi lako la ukaazi wa kudumu (I-485) likiwa bado halijajibiwa, ni mtihani mzito. Lakini usikate tiketi kwanza. Ukitoka bila kibali cha kusafiri, ombi huhesabiwa umelitelekeza, isipokuwa kwa wachache kama wenye hadhi halali ya H-1B (viza ya kazi ya wataalamu).

Piga simu USCIS (idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani) leo, sema ni dharura ya kifo, omba miadi ofisi ya karibu. Nenda na fomu I-131 (ya kuomba kibali cha kusafiri), ada, picha 2 za pasipoti, risiti ya I-485 na kibali cha mazishi. Kikiwa cha Kiswahili, kitafsiriwe kikamilifu kwa Kiingereza, mtafsiri athibitishe kwa sahihi. Wengi hukwama hapo. Na kama uliwahi kuishi bila hadhi halali, muone mwanasheria kabla ya yote, maana kibali cha kusafiri hakikuhakikishii kuingia tena.

Wafanyakazi wenzako wasipokuja kukuhani, usidhani hawakujali. Huko wengi huogopa kumwingilia mfiwa. Wape siku na saa, watakuja.

Kibali kikichelewa, waambie ndugu mapema wazike, mochwari ni gharama kila siku. Wewe jipange kwenda arobaini.