Kabla Hujabeba Kengele Gerezani

Msomaji ametafakari kwa miaka kadhaa, sasa anataka kuwahudumia wafungwa wanaofuata Ubudha. Anauliza aanze na mafundisho gani. Aanze na ofisi ya gereza. Tunaoyapenda mafundisho hudhani kazi ni kufundisha, kumbe sehemu kubwa ni kuruhusiwa kuingia, kisha kuendelea kuruhusiwa.

Kanuni za Mandela, yaani viwango vya kuwatendea wafungwa vilivyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema mfungwa asinyimwe kumwona mwakilishi wa dini yake, na asiyetaka kutembelewa aheshimiwe. Itaje kanuni ya 65 katika barua ya maombi, bila ukali. Eleza nani atakuja, siku gani, dakika ngapi na ataingia na nini. Kengele ya shaba, mishumaa, ubani: sahau. Vitabu vyenye jalada gumu au waya hurudishwa mara nyingi, na magereza mengine hupokea vile tu vinavyotoka moja kwa moja kwa mchapishaji, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Blanketi lililokunjwa latosha kukalia. Badala ya kengele, kipindi kianze kwa kupiga makofi mara moja.

Kwenye kukaa kutafakari ndipo hata walimu wazuri huharibu. “Fumba macho, fuata pumzi” ni agizo la mtu aliye salama. Gerezani, kufumba macho katikati ya watu, mlango ukiwa mgongoni, ni hofu tupu. Migongo ielekee ukutani, kila mtu auone mlango, macho yawe nusu wazi yakitazama sakafu. Pumzi nayo si ya kila mtu: aliyewahi kukabwa koo anaweza kubanwa zaidi akiifuatilia. Mpe nyayo badala yake, uzito wa kisigino, baridi ya sakafu. Dakika 5, si 30. Akianza kutetemeka usimwambie avumilie. Ainue macho, ataje vitu vitano anavyoviona, asimame akitaka. Akirudi selini, hatua nne zinatosha kutafakari kwa kutembea: nenda, simama, geuka, rudi. Asisubiri kimya, maana hakipo. Mlango ukibamizwa, atambue kwamba amesikia, kisha arudi kwenye nyayo.

Habari za gereza la Tihar, India, ambako mwaka 1994 wafungwa zaidi ya 1,000 waliketi kozi moja ya siku 10 ya vipassana, aina ya kutafakari ya Kibudha, zimewapa wengi tamaa ya makubwa. Ile ilibebwa na uongozi wa gereza wenyewe, tena miaka 19 baada ya kozi ya kwanza ya gerezani nchini humo, ile ya Jaipur. Wewe una saa moja na chumba cha kuazima.

Halafu kuna Angulimala, muuaji wa kwenye maandiko ya Kibudha aliyegeuka kuwa mfuasi wa Buddha. Kila mtu humpeleka gerezani, na karibu kila mtu hukatisha hadithi muuaji anapokuwa mtawa. Endelea. Alipokwenda kuomba chakula alipigwa kwa mawe na fimbo, kichwa kikavuja damu, bakuli likavunjika, na Buddha akamwambia astahimili, anavuna matunda ya matendo yake. Mfungwa anaielewa sehemu hiyo kuliko wewe. Ukimficha, unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye atajua.

Usiulize kosa lake. Usibebe barua, fedha wala hata salamu. Hapo ndipo vikundi vingi hufungiwa lango. Usiahidi kumtetea mbele ya bodi ya msamaha. Siku ya kwanza kabisa mwambie kwamba ukisikia mpango wa kujiua au kumdhuru mtu, utaripoti. Mkiandikiana, tumia jina lako la kwanza na sanduku la posta la kikundi, si anwani ya nyumbani, na andika ukijua barua itasomwa na askari.

Mara moja kwa mwezi bila kukosa ni bora kuliko kila wiki kwa kusuasua. Ukishindwa kwenda, arifu ofisi mapema na uombe wafungwa waambiwe. Waachie pia karatasi moja ya utaratibu, yaani makofi, kanuni tano za maadili ya Kibudha, kukaa, kutembea, maneno ya kutakiana heri, ili waketi wenyewe usipokuwapo.