Mwanangu, kuhusu swali lako la Mei 21

Mwanangu,

Unauliza uwaambie nini wenzako kazini tarehe 21 Mei, siku iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2002 kwa mazungumzo ya tamaduni. Wenzako wanasema watu wa makabila na dini tofauti wakikaa wakaongea, watavumiliana. Je, kweli? Huko Arusha sawa. Hapa Mwanza tarehe hiyo ni ya MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria.

Mwaka 1996 ulikuwa bado unanyonya. Meli ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo, imejaza watu kupita kiasi pamoja na shehena ya ndizi, ikapinduka karibu kabisa na Mwanza. Walikufa zaidi ya watu 800. Yule jirani yetu Mhaya alimpoteza mdogo wake. Maiti haikutambulika, tunadhani yupo Igoma kwenye makaburi ya pamoja.

Nimesema mara nyingi na nasema tena: jirani utamjua msibani. Bibi yako hakujua Kihaya hata salamu, lakini alilala pale mkekani mpaka matanga yakaanuliwa. Mashehe walikuja, wanakwaya walikuja, Wakerewe wa mtaa wa chini wakaleta sangara. Kila mtu aliomba kwa namna yake, na hakuna aliyekereka.

Halafu mtu wa kwetu, tena wa ukoo, akasema kwa sauti, "Si ndizi zenu ndizo zimezamisha meli!" Mpaka leo nikikumbuka masikio yananiwaka. Mfiwa alinyamaza, na sisi tukanyamaza. Kesho yake yule bwana akaja na mzigo wa kuni kwenye baiskeli, akazipasua zote, akapewa chai. Yakaisha.

Au ndivyo nilivyodhani. Miaka ikapita, siku moja tuko dukani, jirani akaniuliza taratibu, "Hivi shemeji yako bado anaamini zilikuwa ndizi?" Nilikosa pa kuficha uso. Kumbe chai ile haikufuta kitu. Kwa hiyo labda wenzako wana haki, mambo yasemwe. Lakini yangesemwa siku ile, katikati ya kilio? Wangeshikana mashati. Ila jirani utamjua msibani, hilo siliachi.

Iwapo baba yako mdogo, maana ndiye aliyesema maneno yale, alipaswa kwenda kuomba radhi, mimi nina langu moyoni, na ulimi unaniwasha kulisema. Lakini Krismasi huwa anakula mezani kwangu, basi nalimeza. Wasimulie wenzako upendavyo, jina lake tu usilitaje.

Mama yako