Miji ya kale ina wenyewe: majibu ya maswali yenu ya safari

Habari za siku wadau. Tangu nilipoandika kwamba tuache kudhani utalii ni simba na tembo tu, twende na kwenye miji yetu ya kale, meseji zimekuwa nyingi. Nimechagua hizi, zingine nimeziacha maana majibu yake nimeshayatoa zaidi ya mara moja.

Nataka kwenda Kilwa na mke wangu wiki endi, magofu yako mbali na stendi? (Msomaji, Dar)

Kilwa ipi kaka? Hili swali linanichosha maana kila siku linakuja hivi hivi halafu mtu anateremka Nangurukuru njia panda anaanza kupiga simu. Kilwa ziko tatu. Kilwa Masoko ndio mji wa leo, ndiko kuna gesti, soko na ofisi. Kilwa Kisiwani ndiko kwenye magofu, na ni kisiwani kweli, unavuka bahari. Kilwa Kivinje ni mji mwingine wa zamani, unaupitia kabla ya Masoko, nitauzungumzia chini.

Sasa utaratibu ni huu. Fika Masoko, lala. Asubuhi nenda ofisi inayosimamia magofu ulipie kiingilio, chukua risiti, chukua na mwongozaji, ndio ushuke gatini. Ukiwa na boti ya injini ni kama robo saa, ukienda na mashua ya tanga inategemea upepo. Vuka mapema, hasa miezi ya upepo wa kusi, mchana bahari inachafuka na mke wako hatokusamehe. Bei ya boti elewaneni mkiwa bado nchi kavu, kwenda na kurudi, mimi mwenyewe nilishawahi kudaiwa nyongeza katikati ya maji nikiwa na wageni wanne na hapo huna pa kwenda, unalipa tu. Na msimu wa masika ulizia barabara kwanza, pale Somanga ilishakatika 2024 na ikakatika tena 2025, usije ukalala njiani.

Na wiki endi moja kutoka Dar ni kujitesa. Ni kilomita kama 300 kwenda, zingine hizo kurudi, utabaki na masaa mangapi? Chukua siku tatu, na Songo Mnara uione, kisiwa kingine cha magofu hapo jirani, kule unashuka kwenye boti unatembea majini na tope la mikoko, kwahiyo vaa viatu vya kulowana.

Nilimpeleka mwanangu kwenye magofu akasema ni mawe tu. Watoto wataona nini pale? (Mama wa watoto watatu, Morogoro)

Mama, mtoto hana kosa. Ulimpeleka na nani wa kumsimulia? Ukuta bila hadithi ni mawe kweli.

Ngoja nikupe mfano mmoja. Pale Kilwa Kisiwani kuna Husuni Kubwa, jumba alilojenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, lipo juu ya jabali linatazama bahari, lina vyumba zaidi ya 100 na lina birika la kuogea lenye pembe nane. Mwambie mtoto ahesabu pembe kwa kidole, moja mpaka nane, halafu muulize maji yalikuwa yanapandaje mpaka juu huku na hakuna pampu. Utaona kama atakuambia ni mawe. Halafu mpe kisa cha huyo sultani. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331 akasimulia kwamba sultani alikuwa ametoka kuswali Ijumaa, fakiri mmoja wa Yemen akamsimamisha akamuomba nguo zile zile alizovaa. Sultani akaingia ndani akazivua akampa. Ndio maana walimwita Baba wa Zawadi. Lakini msimulie mpaka mwisho, kwamba yule fakiri baadaye alipewa pia watumwa na pembe za ndovu. Mtoto ajue ule utajiri ulitoka wapi, dhahabu ya Sofala (Msumbiji ya leo), pembe, na watu. Usimfiche, watoto wanaelewa kuliko tunavyodhani.

Kingine cha kumuonyesha ni upana wa vyumba. Nyumba nyingi za mawe za pwani vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, karibu vyote upana mmoja. Kwanini? Kwasababu dari ilikuwa inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, haiongezeki hata uwe sultani. Mwinue mtoto begani aangalie juu ya ukuta, ataona vile vitundu boriti zilipokaa, kwenye vingine chokaa bado imeshika umbo la mti wenyewe. Mti umeoza zamani, alama yake ipo. Mimi hapo huwa nasimama muda mrefu kila nikienda.

Na mwambie Kilwa ilikuwa inapiga sarafu zake yenyewe za shaba, na mwaka 1944 sarafu za Kilwa ziliokotwa visiwa vya Wessel, huko kaskazini mwa Australia. Zilifikaje bado wataalamu wanavutana.

Ni kweli kwenye maboma ya Mjerumani na mapango kuna mali imefukiwa? Kuna mtu ana ramani anataka tuchange. (Msomaji, Dodoma)

Usichange. Huyo ni tapeli, na ukishika jembe ukaanza kuchimba kwenye eneo la kihistoria unavunja sheria na utashtakiwa wewe, mwenye ramani atakuwa ameshahama.

Hili naomba mnisikilize vizuri maana linaniuma. Hii stori ya mali ya Mjerumani imeharibu vitu ambavyo hatutavipata tena. Nenda Kondoa, Kolo, kwenye ile michoro ya miambani iliyoingia urithi wa dunia 2006. Kuna watu wamechimba chini ya michoro wakitafuta dhahabu. Sasa fikiria, ile udongo waliyoifukua ndio ilikuwa na mabaki ya hao watu waliochora, zana zao za mawe, majivu ya moto wao, vitu ambavyo mtaalamu akivikuta vimelala kwa mpangilio wake anaweza kusema ni vya miaka mingapi. Wewe umekuja na sururu umechanganya yote kwa usiku mmoja. Hiyo ndio mali yenyewe ndugu yangu, na ukishaipindua hakuna mtu duniani anaweza kuipanga tena.

Na hapo hapo Kolo, usimwagie michoro maji ili itoke vizuri kwenye picha. Rangi inaondoka. Kama picha haitoki, basi, angalia kwa macho.

Mji Mkongwe Zanzibar siku moja inatosha?

Haitoshi.

Mwongozaji wa nini wakati kila kitu kipo mtandaoni? Si kula hela tu? (Msomaji, Arusha)

Wewe wa Arusha ndio unauliza hivi, mji unaoishi kwa utalii? Sawa.

Mtandaoni utasoma kwamba kanisa la Mkunazini, Mji Mkongwe Zanzibar, limejengwa pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Haya. Lakini nani atakusimamisha pale mbele ya altare akuonyeshe ile duara sakafuni akuambie hapa ndipo ulipokuwa mti waliofungiwa watu wakachapwa, na anyamaze kidogo akuache usimame? Nani atakuambia kichochoro hiki usipite sasa hivi kwasababu kuna msiba? Mji una wenyewe, na unapopita na mwenyeji hata wenye mji wanakuona tofauti, wanakukaribisha barazani.

Ila chagua. Zanzibar mwongozaji halali ana kitambulisho, muombe akuonyeshe, hatokasirika. Anayekufuata kuanzia bandarini anakushika mkono anakuita mfalme huyo ni papasi, mshukuru kwa heshima endelea na safari. Na ukishampata wa kweli mlipe vizuri. Watu mnalipa laki na zaidi hoteli, halafu mnambania elfu tano kijana aliyetembea na nyinyi masaa matatu juani. Hapana jamani.

Mwaka Kogwa mwaka huu ni tarehe ngapi?

Mwishoni mwa Julai. Nimeulizwa mara nyingi sana mpaka nadhani watu hawasomi. Hii ni sherehe ya mwaka mpya kule Makunduchi, Zanzibar, na inafuata kalenda ya Nairuzi, mwaka wa Kishirazi, kwahiyo ulizia watu wa Makunduchi mwezi mmoja kabla wakupe siku yenyewe, usikate tiketi kwa tarehe uliyoiona kwenye picha ya mwaka juzi.

Na kwakuwa mtakwenda, niongeze haya. Zile fujo za wanaume kuchapana kwa migomba sio sinema mliyoandaliwa nyinyi. Ni watu wanamaliza vinyongo vya mwaka, wanatoana hasira wauanze mwaka hawadaiani, halafu kibanda cha makuti kinachomwa, kina mama wamevaa vizuri wanaimba, baada ya hapo ni kula siku kadhaa. Mgeni anapendwa sana siku hiyo, nyumba kukosa mgeni wanaona sio dalili nzuri, kwahiyo ukiitwa kula ingia, usijifanye umeshiba. Lakini vaa nguo za heshima, Makunduchi sio bichi. Na kabla hujamsogezea mtu simu usoni muombe ruhusa. Nilishaona kijana kapita katikati ya kina mama wanaoimba na kijiti chake cha selfi, kaukatisha wimbo. Mmoja akanyamaza akamwangalia, wote wakanyamaza.

Bagamoyo kuna nini zaidi ya bichi? (Msomaji, Kibaha)

Uko Kibaha, hapo jirani kabisa, unaniuliza hivi. Inasikitisha lakini sikulaumu peke yako, tumelelewa hivyo, Bagamoyo ni mishikaki na spika kubwa Jumapili.

Anza magofu ya Kaole asubuhi kabla ya jua kali, kuna misikiti miwili na makaburi yenye minara, mji wa tangu karne ya 13. Hayo makaburi ni makaburi, msiyapande kupiga picha. Nimekuta pale watu wazima na akili zao mmoja kakaa juu ya kaburi mwenzake anahesabu moja mbili tatu. Ungekubali afanye hivyo kwenye kaburi la bibi yako? Na kuandika majina ukutani kwa msumari acheni, chokaa ikishatoboka maji yanaingia, mvua mbili tatu kipande kinaanguka.

Halafu rudi mjini, Ngome Kongwe, Boma la Mjerumani la 1897. Bagamoyo ndio ilikuwa makao yao makuu kabla hawajahamia Dar 1891, boma hili wakalijenga baadaye. Malizia misheni ya Wakatoliki iliyoanza 1868. Pale watakuonyesha mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone, yule mmisionari mvumbuzi, Februari 1874. Mimi nataka ukifika hapo uulize kuhusu waliombeba. Livingstone alifariki Mei 1873 huko Chitambo, Zambia ya leo, na watumishi wake Chuma na Susi na wenzao wakaubeba mwili kwa miguu miezi tisa mpaka pwani, njiani wengine walikufa. Kisa kile kinasimuliwa kwa jina la aliyebebwa. Kila mgeni akiuliza waliobeba, waongozaji watazoea kuanzia hapo.

Mkitaka burudani kuna tamasha la sanaa la kila mwaka la chuo cha sanaa pale, TaSUBa, ngoma za mikoa yote unaziona sehemu moja. Tarehe zinabadilika, waulizeni wenyewe.

Droni naruhusiwa?

Bila kibali, hapana. Na kibali kinapitia mamlaka ya usafiri wa anga, sio kwa mlinzi wa getini.

Kila siku pwani pwani, sisi wa bara hatuna historia? (Msomaji, Mwanza)

Hapa umenibana na una haki. Na wewe umekaa juu ya tamasha zuri kuliko mengi ya pwani. Bulabo, hapo Bujora Kisesa, mwezi wa sita kipindi cha sikukuu ya Ekaristi, Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wanashindana, kila upande na mbwembwe zake kuwavuta watazamaji, wengine na machatu shingoni. Lile shindano ni la watu wenyewe, halikutungwa kwa ajili ya watalii.

Iringa mna Kalenga, fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lipo pale tangu liliporudishwa 1954 kutoka Ujerumani. Songea kila tarehe 27 Februari wanakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa 1906, nenda siku hiyo, usiende siku nyingine.

Na niliahidi Kivinje. Aliyeuliza kuhusu Kilwa, siku ya kurudi Dar shuka Kivinje hata masaa mawili. Nyumba za ghorofa za karne ya 19 zimebaki kuta, milango ya nakshi mingine imeshang'olewa. Uliza watu wakupeleke Mwembe Kinyonga, ndipo Mjerumani alipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyempinga, 1895. Hakuna foleni wala kibanda cha tiketi kikubwa. Mzee yeyote wa baraza la jirani ukimsalimia shikamoo ukakaa, atakusimulia.