Jibu: YaCy inaweza kuchukua nafasi ya Google?

Ndugu uliyeuliza kama unaweza kuachana na Google ukahamia YaCy, programu huria ya kutafuta mambo mtandaoni, na kama kompyuta yako ya pale Umoja itaimudu: mimi naiendesha hapa Nairobi kwenye mashine ya mtumba kutoka maduka ya barabara ya Luthuli. Kutafuta mambo ya kila aina, haifiki kwa Google. Kuna kazi moja tu naithamini sana, nitaieleza chini.

Google hukusanya kurasa, huweka faharasa (orodha ya maneno na kurasa yanamopatikana) kwenye mitambo yake yenyewe na kukujibu kutoka humo. YaCy, iliyoanzishwa na Mjerumani Michael Christen mwaka 2003, haina makao makuu. Kila kompyuta yenye programu hiyo hupitia kurasa, kisha hugawia wenzake vipande vya faharasa. Kila neno hugeuzwa kuwa alama ya herufi 12, na alama hiyo ndiyo huamua ni nani atunze orodha ya kurasa zenye neno hilo.

Ugumu unaanzia hapo. Ukiandika "bei mahindi", orodha ya "bei" inaweza kuwa kwa mtu wa Ujerumani na ya "mahindi" kwa mwingine kabisa, na lazima zikutanishwe. Unasubiri, majibu yanaingia kidogo kidogo, na mpangilio unabadilika ukiwa bado unasoma. Isitoshe, mtu yeyote anaweza kupenyeza faharasa ya uongo, kwa hiyo YaCy inaweza kufungua ukurasa wenyewe kuhakiki kwamba neno limo. Ni kinga nzuri, ila inachelewesha jibu na kula bando.

Halafu kuna shida ya anwani, ambayo wengi huku hawaijui. Mitandao ya simu mara nyingi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Kwa hiyo lango 8090 (port, yaani namba ya mlango wa mawasiliano kwenye kompyuta) linalotumiwa na YaCy halifikiki kutoka nje, basi unawekwa daraja la chini: unauliza wengine, wao hawawezi kukuuliza. Ukitaka kupanda, omba anwani ya umma kwa kampuni inayokupa intaneti, kisha ufungue lango hilo kwenye ruta.

Kuhusu siri, hakuna kampuni moja inayoweka kumbukumbu ya kila ulichotafuta, na hilo kwangu ni jambo kubwa. Lakini kompyuta unazoziuliza huiona anwani yako, na alama ya neno la kawaida si ngumu kubahatisha.

Sasa ile kazi. YaCy inaweza kukatwa kabisa na wenzake ikahudumia nyaraka zako tu. Kwenye shule moja ya Kayole niliielekeza kwenye seva ya ndani yenye mitihani ya zamani na maelezo ya walimu, mengi yakiwa PDF. Mwalimu anaandika "usanisinuru" kwenye kivinjari na faili zote zenye neno hilo zinatokea, bando liwe limeisha au la. Google haizioni faili hizo, na haipaswi kuziona.

Ukianza, ielekeze kwenye tovuti chache unazozijua, kina cha kufuata viungo kiwe 1 au 2, na uizuie isitoke nje ya tovuti hizo, la sivyo diski itajaa. Ni programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java, kwa hiyo iongezee kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) kwenye mipangilio. PDF zilizopigwa skani kama picha haitazisoma. Zipitishe kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi.