Maswali ya Wasomaji: Je, Mji wa Unguja Unapungua Watu?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, assalamu alaykum. Nilisoma Unguja katika miaka ya 1970, nikakaa Kikwajuni kwa shangazi yangu, katika nyumba iliyojaa hata wengine tukilala ukumbini. Hivi karibuni mjukuu wangu ameniletea hesabu za sensa zinazoonesha kuwa Wilaya ya Mjini ilikuwa na watu 223,033 mwaka 2012, na watu 219,007 mwaka 2022. Vipi mji upungue, ilhali kila nikishuka bandarini Malindi naona msongamano umezidi? Na je, ni sahihi kuiita Ng'ambo, yaani mitaa ya upande wa pili wa Darajani kama Kikwajuni, kitongoji cha Mji Mkongwe, kama baadhi ya waandishi wanavyofanya? (Mwalimu mstaafu, Wete)

JIBU: Mwalimu, wa alaykum salaam. Hesabu ulizoletewa ni sahihi, ila zimekatwa mahali pabaya. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, wala haimwangalii alipo saa nne asubuhi. Wachukuzi wa bandarini, wauza samaki wa Darajani, makarani na wanafunzi unaopishana nao ukitoka kwenye boti, wengi wao wamekuja na daladala kutoka Fuoni, Tomondo, Mwanakwerekwe au Bububu, na huko ndiko walikohesabiwa. Ukiuchukua Mkoa wa Mjini Magharibi wote, ambao Wilaya ya Mjini ni sehemu yake, utaona umetoka watu 593,678 hadi 893,169 katika miaka hiyo hiyo kumi. Upande wa Magharibi peke yake, ziliko Fuoni na Bububu, ambao wakati huo ulikuwa wilaya moja na sasa ni mbili, umepanda kutoka 370,645 hadi 674,162. Maana yake nyongeza yote ya mkoa imeangukia huko, na Mjini pakapungua kidogo.

Sababu yake ni ile unayoijua tangu kwa shangazi yako. Nyumba ya vyumba sita ya Ng'ambo ikisharithiwa na watoto saba haigawiki tena, na uwanja wa kuongeza banda la uani umekwisha zamani. Kijana akioa hutafuta kiwanja Magharibi, akajenga chumba kimoja kimoja kadiri mfuko unavyoruhusu, na mbele ya nyumba ya wazee, pale palipokuwa na baraza, mara nyingi huwekwa duka. (Mimi binafsi naisikitikia baraza kuliko nyumba.)

Ama suala la kitongoji, hapo ruhusa yako nikatae. Jina lenyewe ndilo linalowapoteza waandishi. Mji Mkongwe ulitengwa na sehemu nyingine ya kisiwa kwa hori la bahari lililokuwa likijaa na kukupwa, watu wakivuka kwa daraja ambalo limetuachia jina la Darajani. Aliyesimama kwenye majumba ya mawe aliwaita wa upande wa pili watu wa ng'ambo, na jina likakaa hata baada ya hori kufukiwa na kuwa barabara. Lakini watu walio wengi walikuwa huko huko ng'ambo. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, waliokuwa watumwa walihamia huko kwa wingi kutoka mashamba, wakakutana na Wangazija, Wamanyema, Wanyamwezi na wenyeji wa visiwani, kila mmoja akajenga nyumba ya udongo na makuti juu ya ardhi ya mwengine na kulipia kodi, kodi iliyozusha mgomo mkubwa mwaka 1928. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kurikodi nyimbo zake Bombay mwaka huo huo, alikuwa akiishi Ng'ambo, na taarabu ya Kiswahili ikakulia humo.

Yasikilize pia majina ya mitaa: Mwembetanga, Kisima Majongoo, Mchangani, Vikokotoni, Miembeni, na hata Kikwajuni yako. Ni miti, visima na udongo, majina ya watu waliofika mahali wakakuta mwembe kabla ya kukuta mtaa. Majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yaliikata mitaa hiyo kwa barabara mbili pana bila kuyafuta majina. Sehemu wanakoishi wakaazi wengi wa mji, na ambayo bandari na soko huitegemea kwa mikono na matumbo, siioni kuwa kitongoji.

Mkaazi wa zamani wa Kikwajuni bado husema "nakwenda mjini" anapovuka Darajani, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Mjukuu wa nyumba hiyo hiyo aliyejenga Fuoni naye husema "nakwenda mjini", na anakusudia Kikwajuni.